Handibreki ya Land Rover ya Zamani: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Kabla ya Kununua Nyingine

Maswali haya ni yale yanayorudi kila wiki gereji, mengi kutoka kwa watu wenye Series (zilizotengenezwa toka 1948 hadi 1985) na wenye 90, 110 na Defender hadi ya mwisho iliyotoka kiwandani Januari 2016. Discovery 1 na 2 nazo zimo, kwa kuwa handibreki yao imejengwa kwa mtindo uleule. Kama umekuja na swali moja tu, "Ninunue handibreki ya diski?", soma kwanza sehemu ya pili. Huenda ukaokoa pesa nyingi.

## Ielewe kwanza ilivyo

Handibreki ya Land Rover ina tofauti gani na ya magari mengine?

Kwenye magari mengi handibreki hubana magurudumu ya nyuma. Kwenye Land Rover za zamani haigusi gurudumu hata moja. Ingia chini ya gari, tazama nyuma ya transfa (boksi la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), pale propela shafti ya nyuma, yaani chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye ekseli, inapoanzia. Utaona ngoma moja ya breki. Hiyo ndiyo handibreki yote. Ukivuta mkono wa handibreki, viatu (vyuma vilivyovishwa laini ya kubania) vilivyo ndani ya ngoma hiyo hutanuka na kuibana, propela shafti haizunguki tena, difu ya nyuma (boksi la meno katikati ya ekseli) hushikwa, na magurudumu husimama.

Hata Defender zilizokuja na breki za diski kwenye magurudumu ya nyuma bado zilibaki na ngoma hii chini ya tumbo. Kwa hiyo ukibadilisha breki za magurudumu hujaigusa handibreki, na ukiigusa handibreki hujaboresha breki za mguu. Ni mifumo miwili mbalimbali, na hilo ni jambo jema: bomba la mafuta ya breki likipasuka, mkono bado upo.

Ngoma moja ndogo hivyo inalishikaje gari zima?

Kwa msaada wa difu. Meno ya difu ya Series yana uwiano wa 4.7 kwa 1, yaani propela shafti huzunguka karibu mara tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Nguvu nayo hufuata njia hiyo hiyo kurudi. Chukua gari la kilo 2,500 likiwa na mzigo wake, lisimamishe kwenye mlima wa 18%, yaani unaopanda mita 18 kila mita 100. Ili lisiserereke, magurudumu yanahitaji kushikwa kwa takriban niutoni-mita 1,650 kwa tairi za kawaida za 7.50-16. Kwenye propela shafti hitaji hilo linashuka hadi kama 350. Kwenye Defender, ambayo difu yake ni 3.54 kwa 1, ni kama 470, ndiyo maana ngoma yake ni kubwa zaidi: milimita 254, wakati ya Series ni inchi 9, karibu milimita 229.

Hesabu hii ina mambo mawili ya kukumbuka unapochagua. Ukiweka tairi kubwa zaidi, handibreki yako imedhoofika bila wewe kuigusa. Na ukibadilisha difu kwa yenye uwiano mdogo ili gari likimbie barabarani, imedhoofika tena.

Mbona nikivuta mkono na kuachia breki ya mguu, gari linasogea kidogo ndipo lishike?

Hiyo ni kawaida. Kati ya ngoma na tairi kuna krosi (viungo) za propela shafti, meno ya difu, hafshafti zinazotoka difu hadi magurudumuni na flenji za habu, na kila kimoja kina mchezo wake mdogo. Gari huegemea hadi mchezo wote uishe, halafu linatulia. Upana wa kiganja si tatizo. Likisogea zaidi ya hapo na ukasikia mlio wa "ko!" chini, tatizo lipo kwenye krosi au difu, na hakuna handibreki mpya itakayoliondoa.

Ili kupunguza mshtuko: kanyaga breki ya mguu, vuta mkono, achia mguu polepole, acha gari liegemee, kisha uweke gia.

Naweza kuvuta mkono gari likiwa kwenye mwendo?

Hapana, isipokuwa breki ya mguu imekufa na huna jinsi. Nguvu yote ya gari itapita kwenye krosi na hafshafti kwa ghafla, na hafshafti za nyuma za Series hazikuwahi kusifiwa kwa ugumu. Ikibidi, vuta kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe cha mkono ili uweze kuachia, na ushushe gia.

## Kabla hujatoa pesa

Handibreki yangu haishiki kabisa. Ninunue seti ya diski?

Bado. Handibreki nyingi tunazoletewa zikiwa "zimekufa" hazijafa, zimelowa. Nyuma ya transfa kuna sili inayozuia mafuta yasitoke kwenye shimo la shafti. Sili hiyo iko sentimita chache tu kutoka kwenye viatu vya handibreki. Ikichoka, mafuta ya EP90 huingia moja kwa moja ndani ya ngoma, na kiatu kilicholowa mafuta ya giaboksi hakishiki chochote.

Nakumbuka 109 moja, Series ile ndefu, iliyoletwa kutoka Lushoto. Mwenyewe alikuwa amekaza vyuma vya mkono mpaka mkono ulikuwa hauinuki zaidi ya jino moja, na bado tingo wake alikuwa anaruka chini kila kituo na jiwe mkononi. Tulipofungua ngoma, mafuta meusi yalimwagika yakajaza kifuniko cha kopo la rangi. Viatu vilikuwa vinene, karibu vipya. Gari lile halikuhitaji diski, lilihitaji sili. Tukaweka sili, flenji na viatu, na jioni likasimama kwenye mteremko wa gereji bila jiwe.

Ukifunga diski mpya juu ya sili inayovuja, umenunua diski ya kulowanisha. Kweli diski hurusha sehemu ya mafuta nje, lakini pedi zitaanza kuteleza vilevile. Ziba kwanza, halafu ndipo uchague.

Nitajuaje kama ni mafuta au viatu vimeisha tu?

Pangusa sehemu ya chini ya ngoma na bamba lake, endesha siku mbili, kisha angalia. Kama kuna unyevu mweusi unaofika hadi mwanzo wa propela shafti, au tone linaning'inia chini ya bamba, ni sili. Kama pakavu na mkono unapanda juu sana kabla ya kushika, ni marekebisho au viatu vimekwisha. Kama mkono ni mzito na haushuki vizuri, waya umeshika kutu ndani ya ala yake, au kwenye Series, viungo vya vyuma vimekauka.

Fundi aliweka sili mpya na baada ya mwezi inavuja tena. Kwa nini?

Sababu ni mbili, na mafundi wengi huziruka zote. Ya kwanza: ile flenji inayozungukia ndani ya sili imechimbwa mfereji na sili ya zamani. Ipitishie ukucha, ukucha ukikwama, sili mpya haitaziba. Badilisha flenji, au ivishwe pete nyembamba ya chuma inayotengenezwa kwa kazi hiyo. Ya pili: tundu la kupumulia la transfa limeziba kwa tope. Transfa ikipata moto hewa inajaa ndani, haina pa kutokea, inayasukuma mafuta kupitia sili. Safisha tundu hilo kabla hujamlaumu aliyeuza sili. Na usijaze mafuta kupita nati ya kipimo.

Viatu vilivyolowa vinaweza kuoshwa kwa petroli au kuchomwa moto?

Vitupe. Laini imenyonya mafuta hadi ndani; ukiiosha, uso utakauka, na siku ngoma ikipata joto mafuta yatarudi juu. Kuchoma kunaharibu gundi na kunakupa moshi ambao hutaki uvutwe na mtu yeyote. Halafu, laini za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Vumbi la ndani ya ngoma usilipulize kwa hewa ya kompresa. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji na ukitupe kikiwa bado kimelowa.

Inarekebishwaje ile ya asili?

Anzia kwenye ngoma, siyo kwenye waya. Kosa la kukaza waya ili kuficha viatu vilivyoisha ndilo linalomaliza meno ya mkono. Series: kaza skrubu ya kurekebishia hadi viatu viguse ngoma, rudisha milio miwili, hakikisha ngoma inazunguka bila kukwaruza. Defender: kaza hadi viatu vibane kabisa, kisha rudisha mzunguko mmoja na nusu. Baada ya hapo tu ndipo urekebishe waya, ili mkono ushike kwenye jino la pili au la tatu. Gari liwe limewekewa kabari muda wote huo, maana handibreki ndiyo unayoifungua.

## Kuchagua

Nimeziba sili. Sasa kuna njia gani mbele yangu?

Ya kwanza ni kuifufua ngoma ya asili: viatu, springi, kile chuma kinachotanua viatu, na waya. Ya pili ni seti ya diski inayokaa palepale ilipokuwa ngoma, ikibanwa na kalipa inayovutwa kwa waya. Inayojulikana zaidi kwa Land Rover ni X-Brake ya kampuni ya X-Eng ya Uingereza. Ya tatu ni kuhamishia handibreki kwenye magurudumu ya nyuma, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na aliyekwisha kubadilisha giaboksi au difu. Kuna za nne na tano watu huziuliza, za kufungia mafuta ya breki na za umeme, ziko chini.

Kati ya ngoma na diski, wewe ungechagua ipi?

Kwa gari linalobeba mzigo na watu milimani, lakini halizami kwenye matope kila wiki, nachagua ngoma iliyofufuliwa vizuri. Viatu vyake vimepangwa hivi kwamba gari likijaribu kuserereka, mzunguko wa ngoma wenyewe unavivuta vibane zaidi, mbele na nyuma. Diski haina msaada huo. Inashika kwa nguvu ya mkono wako na waya tu, kwa hiyo waya ukilegea kidogo unaona tofauti mara moja. Viatu pia vinapatikana Arusha, Nairobi, hata miji midogo. Pedi za seti ya diski nyingi itabidi uagize, na pedi ikiisha huku uko Maralal, umebaki na jiwe.

Kwa gari la matope na mito, nachagua diski bila kusita. Ngoma ikizama hujaza maji yenye mchanga laini, maji yanatoka, mchanga unabaki, na unasaga viatu kama msasa kila propela shafti inapozunguka. Nimefungua ngoma ambazo ndani zina kilo nzima ya udongo mkavu. Diski inajipangusa yenyewe, unaiona kwa macho bila kufungua kitu, na pedi hubadilishwa kwa dakika chache. Kelele ya kukwaruza baada ya tope ni ya kawaida, ila usiiache kokoto ibaki kati ya pedi na diski.

Seti ya Defender inaingia kwenye Series?

Haiingii. Transfa ya Series na ile ya LT230 iliyoko kwenye Defender nyingi na Discovery ni vitu tofauti, kuanzia flenji hadi namna mkono unavyovuta: Series hutumia vyuma, LT230 hutumia waya. Gari lako likiwa limepita mikono mingi, usiagize kwa kutaja mwaka wa kadi. Lala chini, soma namba iliyogongwa kwenye transfa, piga picha ya bamba la handibreki, ndipo uagize. Angalia pia waya utapita wapi: usikae karibu na bomba la moshi.

Nimeweka injini na giaboksi ya Toyota. Handibreki yangu imepotea. Nifanye nini?

Hili ni la wengi huku kwetu. Ukitoa transfa ya Land Rover umeitoa na handibreki. Angalia kwanza transfa mpya: Land Cruiser za mfululizo wa 40 za mwanzo nazo zilikuwa na ngoma nyuma ya transfa. Kama yako haina, kuna mafundi wanaotengeneza diski ya kukaa kwenye flenji ya difu, au unaweka kwenye ekseli ya nyuma kalipa zenye mkono wa handibreki ndani yake. Wamarekani kwa miaka mingi wametumia kalipa za nyuma za Cadillac Eldorado za miaka ya 1976 hadi 1978 kwa kazi hii. Zinafanya kazi, ila zina tabia moja: hujirekebisha kwa kuvutwa mkono, kwa hiyo usipoutumia mkono kila siku, pedali ya mguu inaanza kuzama.

Kumbuka pia hesabu ya juu. Ukihamia kwenye magurudumu, difu haikusaidii tena; zile niutoni-mita 1,650 zinagawanywa kwa magurudumu mawili, 825 kila moja. Kalipa ndogo ya gari dogo haitoshi.

Na Land Cruiser za baadaye?

Kwenye mfululizo wa 60 na 70 zenye ngoma nyuma, handibreki iko magurudumuni, na ugonjwa wake mkubwa ni vile viwiko vya chuma vilivyo nyuma ya bamba la breki. Vinashika kutu na kuganda. Vitoe, visafishe, vipake grisi. Mara nyingi hakuna cha kununua.

Kuna vali inayofunga mafuta ya breki ya mguu yabaki yamebana. Si rahisi zaidi?

Ni rahisi kufunga na ni hatari kuitegemea. Unaegesha breki zikiwa na moto, mafuta yanapoa, yananywea, shinikizo linashuka, na gari linaondoka saa moja baada ya wewe kuondoka. Sili moja ikivuja hata tone, matokeo ni yaleyale. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa za breki na sheria za Uingereza hutaka handibreki ibaki imeshika kwa chuma tupu, siyo kwa mafuta wala hewa. Itumie kama msaada wa kuzuia gari wakati wa kuvuta kwa winchi, siyo ya kuegeshea. Ile mikono mirefu ya mashindano inayosukuma mafuta iko kundi hilohilo.

Injini ndogo ya umeme inayovuta waya?

Inawezekana, na kwa mtu mwenye bega bovu ni msaada wa kweli. Hakikisha tu kwamba betri ikifa, breki inabaki imeshika, na kuna njia ya kuiachia kwa mkono.

Viatu vya kupigilia laini upya vinafaa?

Vinafaa, na wakati mwingine vinashinda vipya vya bei rahisi, kama fundi anatumia riveti na laini ya unene mmoja. Riveti zizame chini ya uso wa laini. Vipya vya bei ya kutupa nimeona laini ikibanduka nzima kama soli ya kiatu.

## Kupima na kukaguliwa

Nitajaribuje nikimaliza kufunga?

Tafuta mlima mfupi wenye nafasi chini yake, pasipo na watu. Kipimo cha kimataifa kwa gari la mizigo lenye mzigo kamili ni mlima wa 18%, na kwa gari dogo la abiria ni 20%. Uingereza hutumia 16%. Pakia mzigo wako wa kawaida. Simama ukielekea juu, vuta mkono, gia ikiwa huru, achia mguu polepole. Msaidizi akae pembeni na kabari, kamwe asisimame nyuma. Kisha geuza gari, urudie ukielekea chini. Watu husahau sehemu hii ya pili. Rudia tena baada ya wiki, kwa kuwa viatu na waya mpya hukaa sawa na kulegea kidogo.

Kituo cha ukaguzi wanataka kupima handibreki kwenye mashine ya kuzungusha magurudumu. Niruhusu?

Waambie mapema, kwa heshima, kwamba handibreki iko kwenye propela shafti. Mashine ya kuzungusha magurudumu haifai kwa breki ya aina hii. Inaweza kuumiza transfa na difu, au gari likaruka kutoka kwenye mashine. Inapimwa kwa mlima au kwa kifaa cha kupima upunguaji wa mwendo. Mkaguzi kijana huenda hajawahi kuiona, mwonyeshe ngoma.

## Hali zisizo za kawaida

Nimevuta mkono, nikainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari likatembea. Handibreki ni mbovu?

Nzima kabisa, na hapa ndipo watu huumia. Difu huruhusu gurudumu moja lizunguke mbele na jingine nyuma hata propela shafti ikiwa imekufa ganzi. Ukiinua gurudumu moja, lile lililo chini liko huru. Kabla ya kuingiza jeki, weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Kisha ushikishe na ekseli ya mbele: kwenye Series II na III weka mkono mwekundu kwenye gia za nguvu, na habu za mbele zikiwa za kufunga na kufungua, zifunge; kwenye LT230 weka difu loki (inayofunga difu ya kati ndani ya transfa), na uhakikishe taa yake imewaka.

Nikitoa propela shafti ya nyuma?

Huna handibreki kwenye ekseli ya nyuma. Kwenye LT230, ukiweka difu loki, ngoma itashika propela shafti ya mbele. Hafshafti ya nyuma ikikatika ni hivyohivyo, kwa sababu ile ya jibu lililopita.

Niweke na gia pia?

Weka, ya kwanza au ya kurudi nyuma, pamoja na gia za nguvu. Ila kagua mkono wa transfa: ukiwa katikati, gia ya giaboksi haishiki chochote, na gari limebaki kwa handibreki peke yake.

Navuta tela. Handibreki inatosha?

Iliyo nzima hushika gari na mzigo wake. Tela zito liwe na breki yake ya mkono na kabari zake. Kwenye kivuko, ambako sakafu inayumba na mchezo wa meno unaenda mbele na nyuma, kabari haina mbadala.

Gari litakaa miezi bila kutembea.

Usiache mkono umevutwa. Viatu hugandana na ngoma, hasa pwani penye chumvi. Liache kwenye gia, kabari pande zote mbili, mkono chini. Likiwa limekwishaganda, usilivute kwa nguvu ya injini: acha kabari mahali pake, weka gia huru, lala chini na uigonge ngoma kwa nyundo ya mbao ukizunguka ukingo wake, hadi usikie viatu vimeachia.